Salamu Nyuma ya Goli

Mpendwa Baba,

Jumamosi iliyopita nilifungwa bao nikiwa nimeupa mpira mgongo. Nimeona nikuambie mwenyewe, kwa sababu Makambako nzima imeshaambiana, na kama habari hufika huko uliko, basi hii imekwisha kufika na imefika vibaya. Nilikuwa nimevaa jezi yako ya kijani, ile iliyopauka mabegani. Glavu zilikuwa zako pia.

Kesho ni marudiano, hapa Njombe. Kocha amenipa mpaka leo jioni nimjibu kama nitasimama golini au amtafute mwingine. Jana asubuhi, nilipokuwa napanda Kosta kuja huku kwa Bibi, jibu langu lilikuwa hapana. Na Bibi alikuwa ameshasema hatakanyaga uwanja wa mpira tena maisha yake. Bao linanitia aibu. Lakini hili la Bibi linanitia aibu zaidi, maana nimelifanya kwa mdomo wangu, mimi ambaye kila siku ulikuwa unanibembeleza niufungue huo mdomo.

Ninaandika nikiwa jikoni kwake. Nje ukungu haujaondoka, na miparachichi uliyoipanda huioni mpaka uisogelee. Acha nianze mbali kidogo, nikifika kwenye lile lenyewe utanielewa.

Unakumbuka sokoni Makambako, lori la kabichi? Nilikuwa mdogo, unanikalisha juu ya magunia matupu na kuniambia nisishuke. Wewe unasimama chini, miguu umeitanua, na kijana aliye juu ya lori anazirusha kabichi moja moja, nawe unazipokea na kumpitishia mpangaji nyuma yako. Wapokeaji wengine walirushiwa kimya kimya. Wewe walikungoja kwa maneno.

"Golikipa! Hii penati!"

"Piga, acha hotuba."

"Napiga kona ya juu!"

"Ukipiga nje unalipa wewe, siyo mimi."

Na kila aliyekupa kitu alimalizia na neno moja: "Usiteme!" Mwenye duka akikurudishia chenji, usiteme. Mama muuza uji akikupa kikombe, usiteme. Nawe unajibu, "Nimeshika." Mimi nilidhani ni salamu. Nilidhani wote wanasalimiana hivyo na watu wao, mpaka siku moja shuleni nilipompa mwenzangu kifutio nikamwambia usiteme, naye akaniuliza kama nina akili.

Ni Mama aliyenieleza baadaye. Ulikuwa umeondoka Makambako na treni, kijana mwenye mikono mirefu, ukaenda kuidakia timu ya ligi kuu huko pwani. Jua lilikuchoma mpaka ukaandika nyumbani kwamba unakumbuka baridi. Ulikaa muda mrefu ukiwa kipa namba mbili. Ulisema ulilijua lile benchi ubao kwa ubao, na kwamba ubao wa mwisho ulikuwa na msumari. Kisha kipa namba moja akaumia goti, ukaingia wewe, na msimu ule watu wa kwetu waliweka redio madirishani ili anayepita naye asikie. Walisikia ulivyookoa penati. Walisikia mtangazaji akilitaja jina lako kama anamtaja mtu mkubwa.

Halafu ikaja mechi ile ya mvua. Shuti dhaifu, wewe mwenyewe ulisema hata Bibi angelidaka. Mpira ukakufika mikononi, ukauachia, ukapita katikati ya magoti. "Ametema! Kipa ametema!" Redio zile zile, madirishani pale pale. Mechi iliyofuata ulirudi kwenye ubao wenye msumari. Baadaye wakakupeleka timu ndogo, huko ukavunjika kidole, kile ambacho hakikunyooka tena, na ikawa mwisho. Ukarudi na treni ile ile. Ukamwoa Mama, ukapokea kabichi, jioni ukawafundisha watoto wa mtaani kudaka kwenye kile kiwanja cha karibu na reli. Uliponunua shamba hili la kando ya nyumba ya Bibi na kuanza parachichi, wachumaji walikuwa wanakurushia matunda kutoka mtini, kwa sababu uliwaambia tunda likigusa chini mnunuzi halitaki. Nakuona bado, shingo umeikunja nyuma, unazunguka chini ya mti. Halikuanguka hata moja nikiwa naangalia.

Kile kiwanja cha karibu na reli ndicho ulichonipeleka mimi. Sikukuambia wakati ule kwa nini nilipenda goli. Nilipenda kwa sababu ukisimama pale hakuna wa kuongea nawe. Wenzangu walikuwa wanakimbia wakiitana, mimi nilibaki peke yangu na milingoti yangu ya mkaratusi, na hakuna aliyeniuliza mbona nimenyamaza. Wewe uliona haraka.

"Piga kelele! Waambie mabeki!"

"Niwaambie nini, Baba?"

"Wanachopaswa kufanya!"

"Si wanajua?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukaniambia kipa bubu ni mlingoti wa tatu. Lakini hukunilazimisha. Ulinifundisha mikono. "Usiudake kama unamkamata mwizi. Upokee." Na ukanieleza ulikojifunza. Ulisema kule pwani mwalimu mmoja alikuuliza nani alikufundisha kupokea mpira vile, mikono miwili, goti limekunjwa, kifua kimeinamia mpira. Ukamjibu, "Mama yangu, jikoni." Akadhani unamtania.

Lakini ilikuwa kweli, na mimi nimelelewa na sheria hiyo hiyo. Bibi akikupa sahani ya viazi ukanyoosha mkono mmoja, anairudisha nyuma. "Mkono huu nauona. Mwingine umemwazima nani?" Mpaka ulete yote miwili na uiname kidogo, ndipo unakula. Kwetu hakuna asiyejua kwamba hivyo ndivyo mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake. Ila wewe peke yako ndiye uliyeipeleka adabu ile mpaka ligi kuu.

Na lile jingine ulilonifundisha: mpira ukiingia, kipa anaufuata mwenyewe. Humwachii beki. Unakwenda, unauokota, unautoa nje kwa mikono yako, watu wakuone uso. "Ukiuficha uso mara moja," ulisema, "utauficha kila siku."

Nilikuwa kidato cha pili ulipougua. Sitaandika juu ya siku zile. Nitasema tu kwamba Mama alizifunga glavu kwenye mfuko wa nailoni akaziweka juu ya kabati, na nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne alizishusha. Aliziweka mezani karibu na chai yangu. Kocha wa timu ya wasichana ni mmoja wa wale watoto uliowafundisha karibu na reli. Hakuwa na jezi ya kipa ya kunipa, akaniambia nivae niliyo nayo. Niliyo nayo ni yako.

Sasa lile lenyewe.

Jumamosi Makambako kulikuwa na upepo wake ule, vumbi linapita uwanjani. Unajua pale goli halina wavu, na nyuma ya goli hapana kamba wala uzio, ni njia tu ya watu wanaokwenda sokoni. Kipindi cha pili, bila kwa bila. Timu yetu ilikuwa imewabana wageni kwenye goli lao, mpira wote uko kule mbali, na mimi nimebaki peke yangu, nimetulia. Labda nimetulia mno.

Nyuma yangu nikasikia salamu ya kwetu, "Kamwene, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Bibi. Sikujua kama anakuja. Mama alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba nacheza, naye alipanda Kosta ya asubuhi peke yake, na ndoo ndogo ya viazi vya kuchemsha iliyofunikwa kitenge. Baba, unajua kwamba Bibi hakuwahi kuja uwanjani hata siku moja? Wewe umecheza miaka yote ile, yeye amekusikiliza kwenye redio ya jirani. Hakuna aliyemwambia kwamba kipa hasalimiwi.

Niligeuka. Sikufikiri hata kidogo. Utamjibuje mtu kama Bibi juu ya bega, huku unaangalia kwingine? Nikageuka mwili mzima, nikakunja goti, nikaweka mikono pamoja ndani ya glavu zako, nikasema, "Kamwene, Bibi." Na kwa kuwa yeye akaendelea kuuliza habari za nyumbani, nikaendelea kujibu. Nzuri. Mama hajambo. Ndiyo, nimekula.

Nikasikia Tumaini, beki wangu, anapiga yowe. "Kipa! Kipa, mpiraaa!"

Beki wao alikuwa amebutua tu ili apumue. Upepo ukauchukua. Nilipogeuza shingo mpira ulikuwa umeshadunda mbele yangu, ukanipita karibu na sikio, ukaenda ukagonga ndoo ya viazi.

Halafu mtu mmoja upande wa magogo wanayokalia watazamaji akapaza sauti, "Shikamoo bao!" Na upande wa pili wote wakaitikia, "Marahabaaa!" Wakaanza kucheka. Wapo waliokaa chini kwa kicheko. Mwingine akasema, nilimsikia vizuri, "Huyu si mtoto wa Usiteme? Baba aliutema, mtoto ameuamkia!"

Hapo ndipo nilipopaswa kuufuata mpira, niuokote, watu wanione uso. Sikuufuata. Nilijifunika kwa glavu zako, nikasimama.

Ni Bibi aliyeuokota. Aliweka ndoo pembeni, akaushika mpira, akaupangusa vumbi kwa kitenge, taratibu, kama anavyopangusa kiti cha mgeni. Akanijia nao kwa mikono miwili, amekunja goti kidogo. Nadhani hakuwa ameelewa kilichotokea. Aliona mpira umenipita ukafika kwake, na mimi nimeshika uso, akataka kunisaidia. "Haya, mpira wako huu."

Watu walicheka zaidi. Na mimi, Baba, mimi ambaye mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba sauti yangu haisikiki darasani, nikasema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima:

"Bibi, nani amekuita huku? Ondoka!"

Alibaki ameunyoosha mpira. Sikuupokea, hata kwa mkono mmoja. Tumaini alikuja akauchukua, akamwambia samahani Bibi, na Bibi akavuta kitenge chake akaondoka kwa ile njia ya sokoni. Ndoo aliiacha. Tulifungwa bao hilo hilo moja. Mechi ilipokwisha wenzangu walivila vile viazi, walikuwa na njaa, na Tumaini alisema vina chumvi ya kutosha. Mimi nilijaribu kimoja, kikakaa mdomoni.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Umemwambia nini bibi yako? Amepita hapa, nimemkaribisha chai akasema hana kiu." Wewe unajua maana ya Bibi kukataa chai. Nilimpita nikaingia ndani. Alikuja kujua kwa jirani kabla jua halijazama, na hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akatazama jezi, akasema, "Ivue niifue." Hilo lilinichoma kuliko kofi.

Jumapili alimpigia Bibi simu. Alipokata aliniambia alichoambiwa: "Mpira una wenyewe. Mimi nina viazi vyangu vya kupalilia. Uwanjani sitakanyaga tena."

Wiki nzima nimepita njia za nyuma. Watoto wa jirani wakiniona wanakunja goti, "Shikamoo bao!" Mwenye duka alinipa sabuni akasita, nikajua analitafuta neno, na nikaondoka kabla hajalipata. Nilikukumbuka kila hatua. Ulipitaje wewe mbele ya maduka yale yale miaka yote, ukijibu "Nimeshika" na meno yako yote nje? Nilikuwa nakuona ukicheka nikadhani haikuumi. Naona aibu kwamba sikukuuliza hata mara moja.

Jumanne nilikwenda mazoezini ili nirudishe mpira niliokuwa nao nyumbani, na kumwambia Kocha kwamba nimeacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, na maneno yangu kama kawaida hayakuwa mengi.

"Unaacha kwa sababu umefungwa?"

"Watu wananicheka, Kocha."

"Bao watu wamelicheka, ndiyo. Hata mimi nimelicheka nilipofika nyumbani, Mungu anisamehe. Lakini ulivyomfukuza bibi yako, umesikia mtu akicheka?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilirudi nyuma kichwani mwangu, nikauona uwanja tena, nikasikia kile kimya kilichokuja baada ya neno langu. Kweli, hakuna aliyecheka.

"Nenda Njombe," akasema. "Na huo mpira usinirudishie, nenda nao. Ijumaa jioni unanipigia unaniambia kama unadaka au hudaki. Lakini kwa mama wa mwalimu wangu unakwenda hata kama hudaki."

Ndivyo nilivyofika hapa jana, mpira kwapani ndani ya mfuko wa sukari. Kutoka barabarani mpaka nyumbani nilipita kwenye ukungu nikishukuru kwamba hakuna anayeniona.

Bibi alikuwa mlangoni anachambua mbegu za viazi. Niliinama, nikamsalimu. Akaitikia vizuri kabisa. Akanawa mikono, akafungua chumba cha mbele, akatandika kitambaa cha meza, akapangusa kiti akasema, "Karibu mgeni. Kaa." Kisha akaenda jikoni akaniacha.

Baba, mimi sijawahi kukaa kwenye kile chumba. Wanakaa mchungaji na wakwe. Sisi wa nyumba hii tunakaa jikoni, kwenye vigoda, moshi unatuingia machoni. Nilikaa kwenye kile kiti kizuri, nimezungukwa na picha, yako ikiwemo, ile ya timu ambayo umepiga goti mbele na mpira, na nikalia bila sauti. Angenifukuza ningeumia kidogo tu. Alinikaribisha.

Akaja na chai kwenye trei. "Mgeni, karibu chai."

"Bibi, mimi siyo mgeni."

"Aliyeniambia ondoka hakuwa mjukuu wangu. Basi nimeona amekuja mgeni."

Akaondoka tena. Nilikaa nikaitazama chai mpaka ikafanya utando. Halafu nikaibeba trei kwa mikono miwili, nikaenda nayo jikoni, nikaiweka chini, nikapiga magoti yote mawili kwenye vumbi la mkaa. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya Kosta, yote yakapotea. Nikasema, "Bibi, naomba radhi. Nilikuonea aibu mbele ya watu. Wewe hukukosa kitu." Hayo tu.

Alisukuma kuni ndani ya mafiga. Hakunitazama.

"Sikukusalimia wewe," akasema.

Nilidhani bado ananikatalia. Lakini akaendelea, polepole, kama anaongea na moto.

"Nilitokea sokoni, nikaona mgongo. Ile jezi. Yale mabega, na kichwa amekiinamisha hivi, kama alivyokuwa akisimama mlangoni pale akisubiri chakula. Nilijua amekufa. Nimemzika mimi. Lakini miguu ilikuwa imeshafika, na mdomo umeshasema. Ulipogeuka nikaona ni wewe, nikauliza habari za nyumbani ili usijue."

Mwanangu. Alisema mwanangu, Baba, na mimi huniita mjukuu. Niliisikia pale uwanjani na sikuitilia maanani.

Kisha akanieleza jambo ambalo hukuniambia wewe, wala Mama. Kwamba mwaka ule wa mvua na redio, Krismasi ilifika hukuja. Alikutengea chakula, kikapoa. Ulikuja baadaye kabisa, wakati wa kupanda viazi, ukaingia ndani na hukutaka kutoka. Hukwenda kisimani, hukwenda kanisani. Majirani waliokuja kukuona waliambiwa umelala.

"Alikuwa anatuonea aibu," Bibi akasema. "Sisi hatukumwonea yeye. Nilikasirika, nikataka kumwambia maneno. Halafu nikasema ngoja. Nikapakua viazi nikampelekea sahani kule gizani alikojificha. Akainuka, akapokea kwa mikono miwili, na goti. Nikaona bado ni yeye. Kesho yake nikamtuma kwa jirani akaniombee chumvi. Akaenda. Wakamwambia usiteme. Akarudi, chumvi imo yote."

Chungu kilikuwa kinachemka.

"Una nini kwenye huo mfuko?"

Nikautoa mpira. Sikujua mpaka dakika ile kwa nini Kocha alitaka nije nao, na labda naye hakujua. Niliuinua nikampa, nikasema, "Bibi, naomba unipe tena. Kama ulivyonipa Jumamosi."

Aliutazama. Akaupangusa kwa kitenge, ingawa ulikuwa safi. Akasimama kwa shida, akaunyoosha kwangu kwa mikono miwili, "Haya, mpira wako huu." Nami nikaupokea, mikono miwili, goti, kifua, kama ulivyonifundisha wewe, na kama yeye alivyokufundisha kabla hujawa kipa wa mtu yeyote.

Alinitazama juu mpaka chini. "Goti limezidi. Utafungwa tena."

Ndipo akanisogezea kigoda.

Leo asubuhi nilimwomba aje kesho. Alikataa mara ya kwanza kwa sababu ya magugu. Mara ya pili kwa sababu ya baridi, yeye aliyezaliwa ndani ya baridi hii. Mara ya tatu akauliza, "Nitakaa wapi?"

"Nyuma ya goli, Bibi. Nitakupelekea kigoda."

"Nikae nyuma yako halafu nisikusalimie? Watu wataniona sina adabu."

"Nitawaeleza."

"Wewe? Wewe utawaeleza watu? Kwa sauti ya nani?"

Nikamwambia kwa ile niliyomfukuzia. Kwamba nimeshaijua ipo, na nataka kuitumia kwa kitu kingine, kuwapanga mabeki kwanza. Akafunika chungu, kisha akasema atachemsha viazi vingi zaidi, maana nimemwambia vya Jumamosi wenzangu walivimaliza.

Nitampigia Kocha nikimaliza kuandika. Nitamwambia nadaka. Aibu haijaniisha, Baba, nisikudanganye. Kesho watu wa Makambako watapanda huku, wataimba shikamoo bao nikiwa bado nafunga viatu, na masikio yatawaka. Hata Bibi akinipa chai bado nayaona macho yake pale uwanjani, mpira ameunyoosha na hakuna mtu wa kuupokea. Nadhani hilo nitakaa nalo muda mrefu kuliko bao. Lakini nikifungwa nitauokota mwenyewe, na uso nitauacha wazi.

Tumekubaliana hivi: nitamsalimu kabla filimbi haijalia, vizuri, kwa goti, na yeye ataitikia. Baada ya hapo ameahidi hatanisemesha mpaka mechi iishe. Ila nimemjua Bibi. Ameahidi kutonisalimia mimi. Wewe hakukutaja. Nitakuwa nimevaa jezi yako, mgongo umemwelekea, na mechi ni ndefu.

Ukisikia mtu anasema kamwene nyuma ya goli, itikia mwenyewe, Baba. Mimi sitageuka.

Nakuaga kwa mikono yote miwili,

Binti yako, uliyemwachia glavu